Skripti Yangu Ilisema Nabad, Mzee Dekow Akawa Ngamia Mia Mbili

Mpendwa Eddo Ruqiya,

Assalamu alaykum. Naomba msaada wako, lakini kabla ya msaada, je, ni nabad, ni amani? Studio ni nabad? Sisi hapa Garissa ni nabad, mto umejaa lakini haujatoka, joto ni lile lile, na mama anakusalimu sana, anasema Alhamisi asipokusikia redioni chai haimshuki. Tunakuita Eddo kwa sababu kila nyumba hapa inakuhesabu kuwa shangazi yake. Mimi pia ni nabad, afya ninayo, Alhamdulillah. Sasa, Eddo, mambo yangu yameharibika kabisa.

Naitwa Abdimalik, nina miaka ishirini na saba, nilisomea kompyuta na kazi yangu ni kutengeneza programu za simu, na mwaka jana kamati ya madalali wa mifugo ilinipa kazi ya kutengeneza programu ambayo mtu aliye Tarbaj au Buna akiifungua anaona picha ya ngamia anayeuzwa Garissa, umri wake, hali ya meno yake, tabia yake, na namba ya dalali wa kupigia. Dalali mwenyewe ni Mzee Dekow, yule mwenye ndevu nyekundu za hina, ambaye akisema mnyama huyu mzima, watu hawaangalii tena, wanashika kamba na kuondoka. Na Mzee Dekow, Eddo, ndiye baba yake Ifrah, ambaye nimemchumbia tangu mwaka juzi.

Sasa nikueleze skripti ni nini maana ndiyo iliyoniponza. Ni orodha ya amri unayoiandikia kompyuta mara moja, halafu kompyuta inaifuata yenyewe kila wiki hata wewe ukiwa umelala: chukua picha ambazo wafugaji wametuma, zipunguze ukubwa, ziweke pamoja na maelezo yake, ijenge programu upya, itume kwenye simu za watu. Yangu inafanya kazi kila Jumanne asubuhi ili Jumatano, siku ya soko, watu wakute wanyama wapya. Na mwanzoni ilikuwa skripti ya maana kabisa, hatua moja ikishindwa inasimama hapo hapo na kutuma ujumbe kwa kamati nzima.

Wiki ya pili mtandao ukakatika, skripti ikasimama, na ujumbe ukaingia kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ya Mzee Dekow akiwa amekaa na wageni, mgeni mmoja akausoma kwa sauti: KOSA, HATUA YA KWANZA IMEKUFA, KAZI YOTE IMEKUFA. Nikaitwa. Nilimkuta amesimama, na mzee huyu hasimami ovyo.

"Kijana, hii kitu yako nani nafundisha adabu?" akaniambia. "Mtu natoka Buna, ngamia yake tatu nakufa njiani, nafika kwangu, mimi nauliza ma nabad baa, yeye nasema waa nabad. Nakaa chini, nabewa chai, nakunywa, halafu bole bole ndio nasema habari ya ngamia. Hii yako hata salamu hakuna! Nasema kufa, kufa, mbele ya wageni!"

Kwa wasikilizaji wa bara, ma nabad baa ni kuuliza kama kuna amani, na waa nabad ni kujibu kwamba ipo, na kwetu huwezi kuingia nyumba ya mtu na msiba mdomoni. Nikaona mzee anasema kweli. Halafu ni baba mkwe, Eddo, ningefanyaje? Nikarudi nyumbani nikaiandika skripti upya, kila hatua ikimaliza inaulizwa "Ma nabad baa?" nayo, iwe imefaulu au imeanguka kifudifudi, inajibu "Waa nabad" na kazi inaendelea kwenye hatua inayofuata. Habari mbaya zote nikazielekeza kwenye faili moja la pembeni nililolipa jina "baada ya chai", nia yangu ikiwa kila Jumanne nikishakunywa chai nilifungue nisome. Wallahi nia ilikuwepo. Chai nilikunywa.

Kamati ikafurahi mno. Kila Jumanne kwenye simu zao zinaingia nabad tano mfululizo, na Mzee Dekow akawa anawaonyesha watu msikitini, anasema, "Sasa imebata adabu."

Wiki tatu zilizopita neno la siri la sehemu tunayowekea picha likabadilishwa, mimi nikasahau kulibadilisha kwenye skripti, kwa hiyo hatua ya kwanza ikashindwa na hakuna picha hata moja iliyofika. Ikajibu waa nabad. Hatua ya pili ikatafuta picha za kupunguza, ikakuta folda ina picha moja tu, ile niliyoiweka zamani ya kujaribia, niliyompiga Mzee Dekow siku tuliyopeleka posa, akiwa amevaa kilemba kipya na anatazama mbele kwa ukali kidogo. Ikaichukua hiyo hiyo. Waa nabad. Hatua ya tatu ikaiweka kwa kila mnyama. Waa nabad. Basi, Eddo, tangu siku hiyo mtu akifungua programu anakuta ngamia mia mbili na kumi na nne, na wote ni Mzee Dekow. Chini ya uso wake imeandikwa, "Jike, miaka sita, anakamuliwa asubuhi na jioni, mpole, hana mateke."

Mzee mwenyewe hajui, kwa sababu kabambe yake haifungui picha na hakuna mtu anayethubutu kumwambia, kila mmoja anaona si yeye wa kulianzisha. Lakini anaona watu. Sokoni wanamtazama mdomoni anapozungumza. Mtu mmoja kutoka Tarbaj alikuja akamzunguka polepole, akamwangalia miguu, akaziba mdomo kwa shuka akaondoka haraka. Wengine wanampigia simu, wanamuuliza kwa sauti ya chini kama anakula vizuri siku hizi, kama magoti yanamshika, halafu wanakata. Mzee akatafakari haya yote, akafikia uamuzi kwamba watu wamekiona kifo usoni mwake na wanaona aibu kumwambia.

Amekwenda kupimwa presha mara tatu. Ametoa bakora yake, ile ya babake, akampa jirani. Ameandikisha wasia. Ameomba msamaha kwa mtu ambaye hawajasemeshana miaka tisa kwa sababu ya kisima, wakalia wote wawili. Na nikahi yangu na Ifrah, ambayo ilikuwa ingojee hadi ami yake arudi kutoka Hijja, ameileta mbele iwe Ijumaa hii baada ya Alasiri, anasema, "Nataka kuona mtoto yangu ndani ya nyumba yake kabla sijaenda."

Sasa nifunue yote. Kuondoa zile picha ni kazi ya dakika kumi. Nimejua tangu Jumatano ya kwanza. Sijaziondoa, kwa sababu nikiziondoa watu wataacha kumtazama, mzee atajiona amepona, na nikahi itarudi kule mbali ilikokuwa, na mimi nimengoja miaka miwili, Eddo, miwili. Nikimwambia ukweli ndiyo mbaya zaidi, maana nimemsikia kwa masikio yangu akisema sokoni kwamba mtu anayeficha kasoro ya mnyama yeye hampi hata mbuzi, seuze binti.

Binamu yangu Abdihafid ananishauri ninyamaze hadi Jumamosi, nikishaoa nirekebishe, na mtu akiuliza niseme ni mtandao. Ifrah anafundisha huko Bute, aliiona programu kwenye simu ya mwalimu mwenzake, akacheka siku mbili, siku ya tatu akaniandikia: "Mwambie baba wewe mwenyewe. Ukimwambia niko na wewe hata akasirike mwaka mzima. Akisikia kwa mtu mwingine, sahau hata namba yangu." Kuhusu hofu ya baba yake sijamwambia, anadhani nikahi imesogezwa kwa sababu ya mvua.

Eddo, nifanye nini? Tafadhali usilitaje jina langu hewani, kwa sababu Mzee Dekow hakosi kipindi chako, anatembea na redio ndogo shingoni.

Mwanao,
Abdimalik, Garissa

*

Abdimalik,

Nabad zako nimezipokea zote nne, sasa ziweke chini tuzungumze. Hata barua ya kuomba msaada umeiandika kama skripti yako, mtu anafika nusu ya ukurasa ndipo anagundua nyumba inaungua.

Kwanza nikiri kosa langu. Nilipofungua hiyo programu yako nilicheka mpaka Maryan, fundi wetu wa mitambo, akanizimia kipaza sauti. Namba themanini na tisa imeandikwa, "Amezoea kubeba mizigo, haumi watoto." Nimemjua Dekow miaka thelathini na hakuna aliyewahi kumsifu vizuri hivyo. Nikishamaliza kucheka nikasoma tena sehemu ya bakora, na kicheko kikaisha.

Nakuelewa, mwanangu. Ulitaka kumfurahisha baba mkwe, na kijana anayesikiliza wazee siku hizi ni wa kushikwa mkono. Lakini Mzee Dekow alikuambia mambo mawili na wewe ukashika moja. Yule mtu wa Buna anasema nabad, anakunywa chai, HALAFU anasema ngamia wamekufa. Nabad ni ya kumkalisha mwenzako chini ili habari isimwangushe akiwa wima. Haimwondolei mtu yeyote wajibu wa kuisema hiyo habari. Angekunywa chai, akashukuru, akapanda gari akarudi Buna, tungesema amerukwa na akili. Wewe ndiye huyo mtu, na umekunywa chai ya wiki tatu.

Halafu kompyuta haina moyo wa kutulizwa. Haina mgeni, haina aibu, haihitaji kukalishwa. Tena usiniambie hukujua kuna adabu nyingine, kwa sababu unafanya kazi sokoni. Dekow akiuza ngamia mwenye kikohozi, anasema kikohozi kabla mnunuzi hajagusa kamba. Bei baadaye, sifa baadaye, kasoro kwanza. Hiyo ndiyo adabu ya kuifundisha skripti, ukaiacha ukaifundisha ya kupokea wageni.

Mimi si mtu wa kompyuta, kwa hiyo nimemkalisha Maryan akanieleza, na alieleza kwa hasira kuliko mimi. Anasema kila hatua ikimaliza huacha namba nyuma yake, sifuri maana yake salama, namba nyingine yoyote maana yake kuna taabu, na wewe umezilazimisha zote ziseme sifuri. Anasema huko ni kumziba mgonjwa mdomo kisha kumwandikia kwamba halalamiki. Ondoa hiyo nabad yako kwenye kila mstari. Hatua ya kwanza ikishindwa, ya pili isianze. Kama ni mtandao umekohoa, na wetu hukohoa kila siku, skripti ijaribu mara tatu, ipumzike kidogo katikati, ikishindwa ya tatu isimame kabisa na programu ya wiki iliyopita ibaki ilivyo kwenye simu za watu, kwani ngamia wa wiki iliyopita ni bora kuliko mkwe wa wiki hii. Kabla ya kutuma chochote, ihesabu: wanyama ni wangapi, picha tofauti ni ngapi, zisipolingana isitume. Na ujumbe wa kosa uje kwenye simu yako wewe peke yako, kwa sauti ya kukuudhi, useme hatua gani imeanguka na kwa nini. Wewe ndiye mwenye kazi, wewe ndiye utakayekunywa chai, kisha wewe ndiye utakayewaambia wazee kwa lugha ya wazee. Kulainisha habari ni kazi ya mtu. Skripti iiseme kavu.

Na picha ya kujaribia, Maryan anasema, iwe ya ndoo. Ndoo haina binti.

Mpaka hapo ni makosa ya kazi, na kila fundi anayo. Sasa nije kwenye lile jingine, ulilolificha karibu na mwisho wa barua ukidhani nitakuwa nimechoka kusoma. Dakika kumi, umesema. Kuna mzee anayelala akijua anakufa, anagawa vitu vya babake, anapanga foleni kupimwa presha, na dawa yake ni dakika kumi za vidole vyako, nawe umekaa unahesabu siku za nikahi. Hilo si kosa la kompyuta, Abdimalik. Hilo umelifanya macho yakiwa wazi. Nimekasirika, na nataka ujue nimekasirika. Mficha uchi hazai, na wewe umeficha wa kwako kwa kumvua nguo mzee wa watu mbele ya kaunti tatu.

Usiniambie kwamba amepatana na yule wa kisima. Hilo limetoka kwa Mwenyezi Mungu, usilitie kwenye hesabu yako.

Abdihafid mwambie akae mbali na jambo hili. Ukisema ni mtandao, kesho mtu atauliza mtandao gani huo unaomchagua Dekow peke yake mara mia mbili na kumi na nne. Na ukioa Ijumaa kwa hofu ya mzee, utakuwa umemchukua binti wa dalali kwa kuficha kasoro, na Ifrah atajua, kwa sababu huyo msichana ana akili, na ndoa yako itakuwa imesema nabad ikiwa imekufa hatua ya kwanza. Naye Ifrah unamficha kwamba baba yake anaogopa kufa? Mpigie kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Sasa utafanya hivi. Jibu hili nakutumia kwa simu leo Jumanne. Ondoa picha leo, kwanza kabisa, kabla ya jambo jingine lolote. Usingoje ushauri wa mtu. Kesho baada ya Alfajiri, kabla soko halijachangamka, nenda nyumbani kwa Mzee Dekow. Usiende na wazee wa kukuombea wala usiende na binamu. Nenda na simu yenye picha moja uliyoihifadhi, namba themanini na tisa itafaa. Msalimie. Sema nabad, hapo ndipo mahali pake. Pokea chai. Kikombe kimoja. Kabla cha pili hakijamiminwa, mwambie: baba, huumwi, watu hawakuona kifo, waliona hiki, nami ndiye niliyekifanya, na nikanyamaza kwa sababu nilitaka Ijumaa. Yote, pamoja na hiyo Ijumaa. Halafu wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, muombe airudishe nikahi mahali ilipokuwa, hata kama Hijja iko mbali. Usingoje akunyang'anye. Kisha mpeleke kwa jirani akachukue bakora yake.

Atakasirika. Anaweza kukunyima binti, sikudanganyi, na akikunyima utakuwa umeyapata uliyoyatafuta. Lakini nimemwona Dekow akinunua ngamia kilema kwa sababu tu muuzaji alianza kwa kusema, "Huyu anachechemea." Alisema mtu kama huyo utafanya naye biashara tena. Hiyo ndiyo nafasi uliyonayo, ni moja, na haifiki Alhamisi. Kama atataka kukupiga, kumbuka bakora ameshaigawa, na mpaka mfike kwa jirani atakuwa amepoa kidogo.

Kuhusu jina lako, nitalificha kama ulivyoomba. Nitasema kijana mmoja, nitasema mji mmoja. Lakini siwezi kuzificha ndevu zake, na Kenya nzima ina mzee mmoja tu ambaye ni ngamia mia mbili na kumi na nne. Barua yako itasomwa Alhamisi saa nne asubuhi, na redio itakuwa shingoni mwake, umeniambia mwenyewe. Una kesho. Usipofika wewe kumpa habari, nitafika mimi, na mimi sianzi na nabad.

Eddo Ruqiya